Maporomoko Yanayonyamazishwa na Kamera

Ukitazama kalenda na matangazo ya utalii, utadhani maporomoko yote ya Afrika Mashariki yanamwaga pamba. Ya Materuni kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ya Thomson huko Nyahururu, ya Murchison kule Uganda, yote yametoka meupe na laini, bila tone hata moja. Kazi hiyo hufanywa na shata, mlango mdogo wa kamera unaopitisha mwanga. Ukiachwa wazi nusu sekunde au zaidi, miamba hutulia pichani, lakini maji yanayopita huandika njia yao yote kama ukungu. Sina ugomvi na ufundi huo. Ninachokataa ni kuufanya sheria ya kila mto.

Hesabu yenyewe inaeleza. Maji yaliyoanguka kwa sekunde moja huwa yamefikia kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde, tone husogea kama sentimita 1 tu. Ikifunguka nusu sekunde, tone lile lile limekwenda zaidi ya mita 5, na umbo lake limepotea. Sasa fikiria Murchison, ambako Mto Nile unabanwa katika mwanya wa miamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha unatumbukia zaidi ya mita 40. Uzito na ghadhabu ya maji ndiyo habari ya mahali pale, na shata ya sekunde mbili huifuta. 1/500 ya sekunde huonyesha mapande ya povu yakigongana na matone yakirushwa juu. Sanje, katika milima ya Udzungwa, ni jambo jingine: maji membamba yanateleza juu ya mwamba mrefu, takriban mita 170, na shata ya haraka huweza kuyakatakata yakawa madoa. Hapo nusu sekunde huunganisha uzi wa maji, na picha hupata ukweli wake.

Wapo watakaosema kwamba jicho halioni 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo picha ya haraka nayo inadanganya. Ni kweli, jicho haligandishi maji; lakini halikosi kutofautisha mto wenye nguvu na kijito, na tofauti hiyo ndiyo inayopotea kila kitu kinapolainishwa. Wengine watataja historia, na hoja yao ina uzito. Mpigapicha Carleton Watkins alipopiga picha bonde la Yosemite, Marekani, mwaka 1861, sahani zake za kioo zilipokea mwanga polepole mno, maji yakatoka kama ukungu. Picha hizo zilisaidia kuwashawishi viongozi, na mwaka 1864 Rais Lincoln akatia saini sheria ya kulilinda bonde lile. Ulaini haukuzuia picha kufanya kazi kubwa. Hata hivyo, Watkins hakuwa na shata ya haraka ya kuchagua. Sisi tunayo, hata kwenye simu nyingi.

Kwa hiyo, mpigapicha, weka kamera juu ya stendi, subiri wingu lifunike jua, kisha piga maporomoko yale yale kwa 1/500, kwa 1/15 na kwa sekunde moja. Waonyeshe wanaoishi kando ya mto huo, na uwaulize ni ipi inayofanana na maji yao.