Trekta Kuukuu na Zana Zisizo na Majina

Trekta peke yake halilimi. Ni injini juu ya magurudumu, na kinachopasua ardhi ni plau iliyofungwa nyuma yake. Mwanaisimu hashangai kusikia hayo, kwa maana mzizi wa kitenzi cha Kiswahili una tabia iyo hiyo. Mzizi -lim- ukiachwa pekee haujawa neno. Ukifungiwa viambishi, huzaa analima, limisha, mkulima na kilimo. Thamani ya mashine, kama thamani ya mzizi, huonekana katika yale yanayoweza kuambatishwa kwayo.

Waundaji wa matrekta madogo ya bustani walilitambua jambo hili mapema. Mmarekani Benjamin Gravely, wa mji wa Dunbar katika West Virginia, alipata hataza mwaka 1916 kwa trekta linaloongozwa na mtu anayetembea nyuma yake. Matrekta yaliyofuata ya jina hilo yaliweza kufungiwa plau, mashine ya kukata nyasi, msumeno wa mviringo, bomba la kunyunyizia dawa, chombo cha kuondolea theluji, hata kiti chenye magurudumu cha kumkokota dereva mwenyewe. Naye Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, alibuni mtindo wa kuifunga zana kwa mikono mitatu, ambao matrekta mengi duniani huutumia hadi leo.

Tuyalete hayo Kibugu, katika Kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Hii ni nchi ya majani chai na kahawa, na mashamba yake ni madogo. Trekta kubwa la nyanda za ngano za Narok au Uasin Gishu halina pa kugeukia hapa. Lakini trekta dogo, hata likiwa kuukuu kiasi cha kutofaa tena kulima, laweza kuendesha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, kuvuta maji, kupasua kuni, au kuzungusha keekee kubwa ya kuchimbia mashimo ya miche. Fundi wa jua kali mwenye chuma chakavu na mtambo wa kulehemu aweza kuziunda zana hizo. Sisi tulio madarasani hatujamwuliza anaziitaje.

Watu hawakosi kuvipa vitu majina. Trekta lenyewe huitwa pia tinga, na chama cha NDP kilipolitumia kuwa nembo yake katika uchaguzi wa mwaka 1997, jina hilo lilimganda kiongozi wake, Raila Odinga. Maneno parafujo na bomba yalitufikia kutoka Kireno, plau kutoka Kiingereza, na yote yamekubali sarufi yetu bila ugomvi. Kinyume chake, neno tarakilishi limebaki zaidi vitabuni na mitihanini, huku watu wakisema kompyuta. Neno la zana hudumu likipita mikononi mwa watumiaji wake.

Jambo hili lina uzito kupita ubishi wa wanaisimu. Matrekta mengi yana mhimili unaotokeza nyuma ili kuzipa zana nguvu za injini. Kwa kipimo kilichozoeleka duniani, mhimili huo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ncha ya koti ikinaswa, mkono hufuata kabla mtu hajapiga ukelele. Zana ya kiwandani huja na kifuniko na onyo, ingawa aghalabu onyo lenyewe huwa kwa lugha ya kigeni. Zana ya chuma chakavu yaweza kukosa vyote viwili. Kijana aliyeajiriwa kibarua cha siku moja hana hata jina la kitu kinachoweza kumkata mkono. Ataonywaje? Atakayesema kwamba kidole chatosha kuonyesha na akumbuke kuwa mwonyeshaji huondoka, na kinachobaki na kijana ni neno alilolishika.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, kilimo na ufundi hufundishwa kwa Kiingereza katika shule zetu za upili, na mwalimu wa Kiswahili huachiwa methali na ngeli.

Basi, walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi kwa fundi wakiwa na daftari. Wamwulize: hiki wakiitaje, chafanya nini, chaumiza vipi? Wachore zana na kuandika kwanza jina analolitumia yeye, hata likiwa la Kiembu au la Kiingereza kilichopindwa. Ndipo wajadili darasani kama liko neno bora. Mwishowe watunge onyo la mstari mmoja kwa Kiswahili, wampelekee fundi alipake kwa rangi juu ya chuma. Darasani kazi hiyo itapata alama zake. Shambani itasomwa na mtu ambaye bado ana mikono yake miwili.