Ukalimani wa Lugha ya Alama: Masomo, Staji na Swali la Kiitaliano

Mwanafunzi mmoja wa kike, mzaliwa wa Nyabiondo, alitujia na maswali matatu. Nyabiondo ni mji mdogo katika eneo la Masisi, Kivu ya Kaskazini, mbele ya Masisi-kati upande wa kwenda Walikale. Aliuliza: Je, ukalimani wa lugha ya alama ni somo la chuo kikuu, au ni kazi ya huruma tu? Je, staji yake aweza kuifanya kwao, ambako ana mdogo wake kiziwi? Na je, saa zake za lugha ya kigeni azitumie kwa Kiitaliano, kama alivyoshauriwa na rafiki? Siku ile tulimjibu kwa haraka. Makala haya yana nia ya kumjibu kwa utulivu zaidi, pamoja na wengine wenye maswali kama yake.

Kwanza istilahi. Tanzania husema lugha ya alama, Kenya husema lugha ya ishara. Hapa tutashika neno alama, kwa kuwa neno ishara tutalihitaji kwa maana ya ile mikono tunayoipunga sisi sote tunapozungumza. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo msingi wa somo zima. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa chuo cha Gallaudet huko Marekani, alionyesha kwamba alama ya viziwi yaweza kuchambuliwa kama neno linavyochambuliwa kwa fonimu: kuna umbo la mkono, kuna mahali unapowekwa, na kuna mwendo wake. Badilisha kimojawapo, na maana hubadilika. Hali kadhalika lugha hizi zina sarufi yake, ambayo haifuati sarufi ya lugha inayosemwa na majirani wenye kusikia. Kwa hiyo mkalimani wa lugha ya alama hafanyi kazi tofauti na ya mkalimani wa Kifaransa na Kiswahili. Tofauti ni kwamba lugha yake moja ni ya sauti na nyingine ni ya macho, na kwamba hupasa kufasiri wakati uleule msemaji anaposema. Ni kazi ichoshayo akili upesi, ndiyo maana katika mikutano mirefu wakalimani huwa wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hivi.

Tuje kwenye Kiitaliano. Wenzetu kadhaa walicheka waliposikia swali hilo, sisi hatukucheka. Mwezi Septemba mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milano, wengi wao wakiwa Waitalia na Wafaransa, wakapitisha kwa kura 160 dhidi ya 4 kwamba usemi wa mdomo uwe juu ya alama katika kufundisha. Miongoni mwa wajumbe 164 kiziwi alikuwa mmoja tu. Baada ya azimio hilo alama zilifukuzwa madarasani katika nchi nyingi, na watoto wakalazimishwa kusoma midomo, wengine wakifungwa mikono. Ilichukua miaka 130 kabla mkutano wa aina hiyohiyo, uliokutana Vancouver mwaka 2010, kukiri kosa. Na Italia yenyewe haikuitambua rasmi lugha ya alama ya viziwi wake, iitwayo LIS kwa kifupi, ila mwezi Mei mwaka 2021.

Lakini Kiitaliano kina faida nyingine, na kwa mwanaisimu hii ndiyo kubwa. Waitalia husifika kwa kupunga mikono. Mapema mwaka 1832 padri Andrea de Jorio wa Napoli alichapisha kitabu kizima juu ya ishara za watu wa mji wake. Mtu angedhani basi kwamba kiziwi wa Italia hana haja ya lugha nyingine. Utafiti uliofanyika Roma chini ya Virginia Volterra, ambao kitabu chake juu ya LIS kilitoka mwaka 1987, ulionyesha sivyo: alama hata zikizaliwa kutokana na ishara za watu wanaosikia, zikishaingia katika lugha hufuata sheria za lugha. Mwanafunzi wetu, ambaye nyumbani kwao kila mtu ana njia yake ya kumwonyesha yule mdogo wake mvua, chakula na mgeni, ana sababu ya kuyasoma hayo kwa makini.

Tukiacha Italia, alama zinazotumiwa na viziwi waliopata shule huko Kongo zina historia ya mzunguko wa ajabu. Mwaka 1817 Laurent Clerc, kiziwi Mfaransa, na Thomas Gallaudet walifungua shule Hartford, Marekani, na alama za Kifaransa zikachanganyika na za huko. Hadi leo alama ya Kimarekani ya mia hufanywa kwa umbo la herufi C, kutokana na neno la Kifaransa, cent. Kisha Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza usikivu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, alianza shule Accra mwaka 1957, akaendelea kufungua zaidi ya 30 barani Afrika, Kongo ikiwamo. Katika nchi zitumiazo Kifaransa alama zile za Kimarekani zilifundishwa sambamba na maneno ya Kifaransa. Mkono ukasema mia kwa C, na mdomo ukasema cent, kana kwamba havijawahi kutengana. Foster alifariki tarehe 3 Desemba 1987 katika ajali ya ndege huko Gisenyi, Rwanda, mji unaopakana na Goma.

Mwenye kusoma atauliza: na Kiswahili je? Hapo ndipo penye kazi. Mkalimani aliyefunzwa kwa Kifaransa hukutana na daktari anayesema Kiswahili na mama mzazi anayesema Kihunde. Tanzania ilikwisha kuchapisha kamusi ya lugha yake ya alama kwa Kiswahili. Alama zake, hata hivyo, si zote zijulikanazo Goma. Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala, hufundisha diploma ya ukalimani huu, lakini kwa lugha ya alama ya Uganda. Kenya imeitaja lugha yake katika Katiba ya 2010 kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Kongo ilipata sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwezi Mei mwaka 2022; sheria ni mlango, bado wakalimani wa kuuingia.

Swali la staji ndilo lililotutia mashaka. Mwanafunzi huanza kwa kutazama mkalimani mzoefu, kisha hufasiri akisimamiwa, katika mambo mepesi: ibada, mkutano wa wazazi, darasa. Hospitali na mahakama huja mwisho. Sasa akienda Nyabiondo peke yake, siku ya pili tu ataitwa zahanati, kwa kuwa hakuna mwingine. Na atakutana na viziwi ambao hawakuwahi kuketi na viziwi wenzao wala kuingia shule, maana vita na uhamaji wa mara kwa mara tangu mwaka 1993 havikuacha nafasi. Kila mmoja ana alama za nyumbani, zinazoeleweka na watu watano au sita. Alama za chuoni hazitamfaa kitu hapo. Katika hali hiyo wataalamu hutumia wakalimani wawili: kiziwi mwenye ujuzi, ambaye huweza kumfikia mwenzake kwa kuigiza, kuchora na kuonyesha vitu, na mwenye kusikia anayepokea kutoka kwake.

Hebu tufikirie mwanamke kiziwi aliyedhulumiwa, akitoa ushahidi mbele ya mahakama isafiriyo. Akifasiriwa na shangazi yake, nani atajua lipi limefichwa kwa aibu ya ukoo? Akifasiriwa na mwanafunzi asiyemwelewa ila nusu, ile nusu nyingine itajazwa na dhana, nayo itaandikwa kama ushahidi. Heri mkalimani aseme mbele ya hakimu kwamba hakuelewa. Jambo hilo pia hufundishwa, na si jepesi kwa kijana mwenye kusubiri alama za mwalimu.

Kwa hiyo tulimshauri staji ya kwanza aifanye mahali penye jumuiya ya viziwi, chini ya msimamizi kiziwi mwenye mamlaka ya kumkosoa, na ya pili ndiyo aipeleke kwao, akiwa na mwenzake kiziwi, pindi njia itakaporuhusu. Kiitaliano amekichagua. Staji ya kwanza alitaka iwe Goma. Baada ya mji huo kutekwa Januari 2025 mpango ulibadilishwa, naye anaanzia Kampala, ambako itambidi ajifunze mamia ya alama upya.