Kabla ya kurudisha simu katika hali ya kiwandani



Siku hizi simu ndiyo kabati la mfanyakazi. Ndani yake mna ujumbe wa mshahara ulioingia, maagizo ya msimamizi kuhusu zamu, na picha za daftari la mahudhurio. Shauri likifika kwa afisa wa kazi, mara nyingi huo ndio ushahidi pekee alio nao mnyonge. Lakini simu ikianza kukwama, fundi wa mtaani huirudisha katika hali ya kiwandani kwa dakika chache, wala hamwulizi mwenye mali anapoteza nini.

Maana yake ni kwamba simu inafutwa na kuwa kama siku ilipotoka kwenye boksi. Picha, ujumbe mfupi, majina yaliyoandikwa ndani ya simu yenyewe, vyote huondoka. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 ya mwaka 2019, au za baada yake, huhifadhi vitu kwa mafumbo, na ufunguo wa fumbo hufutwa papo hapo. Fundi akikuahidi kuvirudisha baadaye, usimpe fedha yako.

Fedha za akaunti ya simu hazipotei, kwa kuwa zinatunzwa na kampuni ya simu kwa namba yako. Laini haiguswi. Kadi ya kumbukumbu kwa kawaida hubaki salama, lakini itoe.

Basi kwanza piga picha za ujumbe wa mshahara kwenye kioo cha simu, tarehe na namba ya mtumaji vionekane, uzitume kwenye barua pepe yako au uzinakili kwenye kompyuta ya tawi. Mazungumzo ya WhatsApp yana mahali pake pa kuweka nakala, ndani ya mipangilio ya programu hiyo.

Pili, ondoa akaunti yako ya Google. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa vitufe vya pembeni, bila kupitia Mipangilio, hudai nenosiri la akaunti iliyokuwamo. Ni kinga dhidi ya wezi, ila huwanasa pia wanunuzi wa simu za mitumba. Ukinunua, muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako. iPhone nayo ina kufuli kama hilo.

Hayo yakiisha, jaza chaji, fungua Mipangilio, kisha Mfumo, utafute mahali pa kufuta data yote. Majina hutofautiana kidogo kwa kila aina ya simu.

Simu ya kampuni ni habari nyingine, na hapa nawasemesha hasa madereva wetu wanaopanga foleni Malaba. Simu ya namna hiyo yaweza kufutwa na mwajiri akiwa ofisini kwake, bila kuigusa. Kwa hiyo ujumbe unaohusu posho na saa zako unakili mapema, usingoje barua ya kuachishwa. Na shauri likiwa bado linaendelea, usiifute mwenyewe kabla ya kuzungumza na katibu wa tawi, usije ukaambiwa umeharibu mali au umeficha mambo. Siku ya kuirudisha, andikeni karatasi yenye tarehe, namba ya simu hiyo na hali yake, mtie sahihi wote wawili, nakala moja ibaki kwako.