Taa ya gia
Taa ya gia ni balbu ndogo ya volti 12 inayoangaza herufi P, R, N na D kando ya mkono wa gia katika magari ya otomatiki. Nchini Tanzania magari mengi ya aina hiyo yameagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, hivyo balbu hizo huungua kwa uzee.

Usiku, katika barabara za vijijini zisizo na taa, kama za Nkoma mkoani Simiyu, dereva asiyeona herufi anaweza kuweka R badala ya D na kumgonga aliye nyuma.

Kwanza hukaguliwa taa za dashibodi na za nyuma. Zikiwa zimezimika pia, huenda fyuzi imekatika, kwa kuwa katika magari mengi taa hizo hutumia fyuzi moja. Fyuzi mpya iwe na ampea zilezile; kubwa zaidi inaweza kuunguza nyaya.

Ikiwa imezimika taa ya gia peke yake, waya hasi wa betri hufunguliwa, kifuniko cha gia huinuliwa taratibu, na balbu hutolewa. Mpya iwe na wati zilezile, kwani joto likizidi huyeyusha plastiki. Balbu ya LED isipowaka hugeuzwa, kwa sababu hupitisha umeme upande mmoja tu.