TAA YA BAISKELI: USINUNUE KWA MACHO

Wahenga hawakupayuka waliponena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Msomaji mpenzi, ikiwa wewe ni mwanafunzi wa bweni, huenda ukadhani kwamba mambo ya taa za baiskeli hayakuhusu ndewe wala sikio. Lakini sisi wa kutwa, tunaoifuata barabara kuu ya Kisumu hadi Busia pamoja na matrela yanayoelekea Uganda, tunajua kwamba taa si pambo. Katika makala haya nitaeleza jinsi ya kuchagua taa nzuri hata kama mfuko wako ni mwepesi.

Kwanza, kuna watu wanaosema kwamba kwetu ikweta hakuna miezi ya giza, eti mchana na usiku ni sawa mwaka mzima. Hiyo ni nusu ya ukweli. Urefu wa mchana haubadiliki sana, lakini saa ya jua kuchomoza hubadilika. Mwalimu wetu wa Jiografia alitueleza kwamba dunia hulizunguka jua katika njia iliyo na umbo la yai kidogo, tena ikiwa imeinama, na ndiyo sababu jua huonekana kuchelewa miezi fulani na kuwahi miezi mingine. Hapa Busia, mapema mwezi wa Novemba jua huchomoza yapata saa 12 na dakika 23 asubuhi. Katikati ya Februari huchomoza karibu saa 1 kasoro dakika 5. Hiyo ni tofauti ya nusu saa nzima! Aidha, sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hivyo wenzetu wa Mombasa hulipata jua dakika 20 hivi kabla yetu. Basi anayetoka nyumbani saa 12 kasorobo mwezi wa Februari husafiri gizani mwanzo hadi mwisho. Jioni nako, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ambayo jua hutua mapema, na magharibi yetu ni fupi: dakika 20 tu baada ya jua kuzama, giza limeshika. Usisahau pia mawingu ya masika kuanzia Machi hadi Mei.

Sasa tuje kwenye taa yenyewe. Taa ya baiskeli ina kazi mbili: kukuwezesha kuona, na kukuwezesha kuonekana. Wengi hufikiria ile ya kwanza tu. Binamu yangu hubeba abiria kwa baiskeli. Februari mwaka jana, alfajiri, aligongwa kutoka nyuma na pikapu. Taa yake ya mbele ilikuwa inamulika kama mchana, lakini nyuma hakuwa na chochote. Dereva alisimama akamkimbiza hospitali, naye alisema kwamba alimwona akiwa tayari mbele ya bampa. Binamu alivunjika mguu, akakaa miezi 3 bila kazi, na mdogo wake akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Hebu piga hesabu: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kabla dereva hajaukanyaga pedeli wa breki, mita 30 zimekwisha. Ni lazima akuone kutoka mbali, la sivyo hata dereva mwema hawezi kukuepuka.

Taa zinazopatikana kwetu ni za aina 3.

Aina ya kwanza ni dinamo, ile chupa ndogo inayosugua ubavu wa tairi. Kawaida hutoa volti 6 na wati 3. Uzuri wake ni kwamba haitaki betri wala stima. Miguu yako ndiyo mtambo. Lakini ukipanda mlima polepole mwangaza hufifia, ukisimama huzimika, na tairi likilowa dinamo huteleza. Tena, balbu ya nyuma ikiungua, umeme wake huenda mbele na kuiunguza ile nyingine pia. Ikikataa kuwaka, usikimbilie kununua mpya. Dinamo nyingi za kizamani zina waya mmoja tu, na umeme hurudi kupitia fremu. Kutu au rangi ikiziba njia hiyo, mambo yamekwisha. Kwangua kidogo pale parafujo inaposhikia chuma, ujaribu tena.

Aina ya pili ni tochi au taa ya betri, zile tunazoziita mawe. Hupatikana katika kila kioski. Ubaya wake ni kwamba mawe huisha, na ukijumlisha bei yake kwa muhula mzima utashangaa. Usichanganye mawe mapya na makuukuu, na ukiifungia taa wakati wa likizo yatoe, kwa sababu huvuja maji yanayokula chuma.

Aina ya tatu ni taa za LED za kuchaji. Hizi zinakula umeme kidogo na kutoa mwanga mwingi, na unaweza kuzichaji kwa chaja ya simu au kwa sola ya nyumbani. Kwa maoni yangu ndizo bora kwa mwanafunzi, ila hapo ndipo kuna maneno. Kasha huandikwa lumeni maelfu kwa maelfu, na namba kubwa si ushahidi. Fanya majaribio yafuatayo kabla hujatoa pesa:

1. Mwombe mwenye duka akuruhusu uingie stoo au mahali penye giza, umulike ukuta. Mwanga mzuri umetandaa, hauna doa jeusi katikati wala duara dogo kali tu.

2. Uliza inakaa na chaji kwa saa ngapi ikiwa imewashwa kabisa. Safari yako ikiwa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, taa ya saa 2 itakulazimu kuchaji kila siku ya pili. Je, stima kwenu ni ya kutegemewa hivyo?

3. Tazama mpira unaofunika tundu la kuchajia. Ukiwa umelegea, mvua ya kwanza itaingia ndani.

4. Ifunge kwenye usukani uitikise. Barabara zetu za murramu hazina huruma. Taa inayolegea dukani itaanguka njiani.

Ukishanunua, ifunge vizuri. Iinamishe ili kitovu cha mwanga kiguse barabara mita 10 hivi mbele yako. Ukiielekeza juu utampofusha anayekuja, naye asiyeona ndiye atakayekugonga. Ya nyuma iwe nyekundu, iangalie nyuma moja kwa moja, na isifunikwe na mkoba au gunia lililo kwenye keria. Mbele nyeupe, nyuma nyekundu: kwa rangi hizo dereva hujua unakuja au unakwenda. Kumetameta huvuta macho, lakini humpa dereva taabu kukisia umbali, kwa hivyo mimi hupendelea taa inayowaka bila kukatika.

Na kama pesa ni za taa moja tu? Swali hili niliulizwa na wenzangu kadhaa chamani. Jibu langu linategemea njia yako. Ukipita vichochoroni na kwenye murramu yenye mashimo, anza na ya mbele, maana adui yako ni shimo. Ukipita barabara kuu, anza na ya nyuma, maana adui yako anatoka usikoona. Tochi ya kawaida iliyofungwa imara kwa mpira wa tyubu yaweza kukusaidia mbele kwa muda. Zaidi ya hayo, bandika karatasi ya kuakisi kwenye madigadi na kwenye pedeli. Haitumii betri, hurudisha mwanga wa gari kwa dereva mwenyewe, na pedeli zinapopanda na kushuka dereva hutambua mara moja kwamba hiyo ni baiskeli. Sweta yetu ya shule ni nyeusi usiku, hata tukiipenda vipi, kwa hivyo vaa kitu cheupe juu yake hadi ufike langoni.

Kwa walimu wetu wapendwa nina ombi moja: taa zikaguliwe pamoja na breki pale langoni, hasa Januari na Februari. Ukaguzi wa dakika 5 si mzigo.

Nanyi wenzangu, mwenye macho haambiwi tazama, lakini alfajiri hata mwenye macho anahitaji taa. Tuonane darasani tukiwa wazima.