Visanduku vya Hadithi za Picha na Suala la Mtazamo katika Filamu ya Katuni

Wahakiki kadha huichukulia hadithi ya picha kana kwamba ni filamu iliyosimamishwa. Dai hilo lina kasoro. Katika ukurasa, visanduku vyote huonekana kwa pamoja, na jicho la msomaji ndilo liamualo likawie wapi na lirudi wapi. Filamu haitoi uhuru huo. Kila taswira huifuta iliyoitangulia. Kwa hiyo kisanduku kihamishiwapo katika filamu, hapana budi kazi yake ibadilike.

Mfano ufaao ni Spider-Man: Into the Spider-Verse (2018), iliyoongozwa na Bob Persichetti, Peter Ramsey na Rodney Rothman. Humo kiwambo hugawanywa vipande, na mara nyingi vipande hivyo huonyesha tukio moja likitazamwa kutoka pande kadha kwa wakati mmoja. Kilichokuwa mfuatano ukurasani kimekuwa usambamba.

La kuzingatiwa zaidi ni maandishi. Kijana Miles Morales akiisha kuumwa na buibui, mawazo yake huanza kuandikwa katika visanduku juu ya kiwambo, naye mwenyewe hushtushwa na kishindo chake. Hapo masimulizi yamehama kutoka nafsi ya tatu kuelekea nafsi ya kwanza. Mwandishi wa riwaya angelazimika kubadili viambishi vya sentensi nzima. Hapa kisanduku kimoja kimetosha.

Hata mwendo hubeba mtazamo. Filamu huonyesha picha 24 kwa sekunde. Katika tukio la msituni, Miles hubadili mkao kila baada ya picha mbili, yaani mara 12 kwa sekunde, ilhali Peter B. Parker, aliye mzoefu, hubadili katika kila picha. Uanagenzi wa mmoja huonekana kando ya umahiri wa mwingine, pasipo neno kutamkwa.

Aidha, kila shujaa hujitambulisha kwa fomula ile ile, akianzia na jalada la kitabu chake. Mtafiti wa fasihi simulizi hatashangazwa na urudiaji huo. Ila katika ngano zetu fomula humilikiwa na fanani mmoja, na hapa wahusika hunyang'anyana.

Si kila mgawanyo wa kiwambo una thamani hiyo. Hulk ya Ang Lee (2003), ambayo ni ya waigizaji hai, ilikigawanya kiwambo kwa bidii kubwa, lakini vipande vyake vingi havikufungamanishwa na nafsi ya mhusika yeyote, vikabaki pambo.