Helikopta ya rimoti ya kwanza: usidanganywe na ukubwa wa boksi



Kuna swali vijana wananiuliza kila mara: "Bro, nina vijisenti kidogo, ninunue helikopta ipi ya rimoti?" Jibu langu fupi: nunua ndogo, yenye seti mbili za mapanga zilizokaa moja juu ya nyingine, ukairushe sebuleni. Wengi hawalipendi hilo jibu. Wanataka lile dude kubwa lililowekwa juu kabisa ya shelfu, linalofanana na la jeshi. Sasa ngoja niwaeleze kwa nini sibadilishi msimamo.

Mota inapozungusha mapanga upande mmoja, mwili wa helikopta nao unataka kuzunguka upande wa pili. Ni ile sheria ya Newton tuliyokaririshwa sekondari. Igor Sikorsky alipojaribu helikopta yake ya VS-300 kule Marekani mwaka 1939, alizuia mzunguko huo kwa kuweka feni ndogo mkiani, na mpaka leo helikopta nyingi duniani ni za mtindo huo. Kampuni ya Kamov ya Urusi ikashika njia nyingine: seti mbili za mapanga kwenye mhimili mmoja, moja inazunguka kulia na nyingine kushoto, basi zinafutana. Helikopta ndogo za kuchezea za bei poa nyingi zimefuata mtindo wa Kamov, na ndiyo maana zinatulia. Ukiachia kijiti cha uelekeo, haikimbii kokote, inaelea karibu palepale. Anayeanza anahitaji kitu hicho hicho, yaani muda wa kufikiri kabla ukuta haujafika.

Sasa hii habari ya chaneli, maana wauzaji wanaitaja kama vile ni gia za gari. Chaneli ni idadi ya amri unazoweza kuipa helikopta. Yenye mbili inapanda na kushuka, na kugeuka kushoto na kulia, basi. Mbele inakwenda yenyewe inavyotaka. Hiyo iache dukani, itakuchosha siku ya kwanza. Yenye tatu inaongeza kwenda mbele na kurudi nyuma. Yenye nne inaongeza kuteleza ubavu. Yenye sita inakuwezesha kubadili mlalo wa mapanga yenyewe, na hapo umeshatoka kwenye michezo ya watoto.

Mfano mzuri wa chaneli tatu ni Syma S107G. Ina urefu wa kama sentimita 22, ina jairo, yaani kile kifaa cha kuihisi na kuizuia isizunguke ovyo, na betri yake inakurusha kama dakika 7 au 8. Ughaibuni imeuzwa miaka mingi kwa kama dola 20 hadi 30. Ikianguka kwenye zulia unaiokota unaendelea. Ina udhaifu wake. Rimoti yake inatumia mwanga usioonekana, ule ule wa rimoti ya TV, kwa hiyo kwenye jua kali haisikii amri. Halafu haina nguvu ya kushindana na upepo. Ukiipeleka ufukweni saa kumi jioni umeshaiaga. Kama mnanunua wawili, angalieni kwenye boksi herufi ya masafa, A au B. Zikifanana, rimoti zenu zitaingiliana.

Ukishaizoea, ngazi inayofuata ni yenye seti moja ya mapanga na feni ya mkiani, chaneli nne, rimoti ya redio ya 2.4 GHz. WLtoys V911 ndiyo iliyofundisha watu wengi ngazi hiyo. Hii jua haliisumbui, na asubuhi kukiwa kumetulia unaweza kutoka nayo nje. Siku hizi zipo za aina hii zenye kipimo cha hewa kinachoishikilia kwenye kimo kile kile hata ukiachia kijiti. Mtu mwenye subira anaweza kuanzia hapo moja kwa moja, sitagombana naye.

Lile dude la juu ya shelfu? Linaweza kuwa moja kati ya vitu viwili. La kwanza ni toi kubwa la plastiki lenye mota dhaifu, zito kwa sebule na jepesi kwa upepo. Kuwa kubwa hakukulifanyi liwe la kitaalamu. La pili ni helikopta kweli ya chaneli sita, inayoweza kuruka hata kichwa chini. Tafadhali usiichukulie poa. Piga hesabu mwenyewe: mapanga yenye kipenyo cha sentimita 70 yakizunguka mara 2,500 kwa dakika, ncha yake inakata hewa kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Mwezi Septemba 2013, kwenye bustani moja ya Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya rimoti. Na huyo alikuwa mzoefu, sio wa kujifunza. Halafu kuna mtu anataka kumnunulia dogo wa darasa la tano kwa sababu "inafanana na ya jeshi". Jamani!

Kabla hujatoa hela, fanya mambo kadhaa pale pale dukani. Kwanza ulizia vipuri. Mapanga, feni ya mkia na gia ndogo ndizo zinazokufa mapema, na kama muuzaji hana wala hajui zinapatikana wapi, umenunua pambo la kabati. Soma boksi pia. Likiandikwa RTF, rimoti imo ndani. Likiandikwa BNF, rimoti haimo, na ile bei nzuri uliyoifurahia ina mwenzake. Kwa zile za redio, angalia rimoti ni Mode 1 au Mode 2. Kwenye Mode 2 kijiti cha kupandisha kipo kushoto, na ndiyo iliyoenea zaidi. Chagua moja ubaki nayo, vidole vikishazoea ni shida kuvibadilisha.

Betri zake ni za lithiamu, na zikichokozwa zinawaka moto. Isubiri ipoe dakika kadhaa baada ya kuruka ndipo uchaji, tumia waya uliokuja nayo, usiiache usiku kucha wakati umelala. Ikivimba, ndiyo imekwisha, hata kama bado inafanya kazi.

Siku za mwanzo weka mkia ukuelekee wewe. Hivyo kulia kwako ni kulia kwake. Inua usawa wa kiuno, ielee, ishushe. Rudia mpaka uchoke. Usiipande juu sentimita 5 tu kutoka sakafuni ukadhani ndiyo usalama, maana upepo wa mapanga yake unagonga sakafu na kuiyumbisha. Siku utakapoigeuza pua ikuangalie, kushoto na kulia vinabadilishana, na hapo ndipo watu wanapogonga TV. Ukiona inakwenda kugonga, zima mota kwanza. Panga lililosimama linapona, linalozunguka linavunjika.

Kuna njia ya kujifunza bila kuvunja chochote: programu za kompyuta kama RealFlight, unazotumia kwa rimoti iliyochomekwa kwenye USB. Si rahisi kuikuta kwenye kafe zetu, lakini kama una mshikaji mwenye kompyuta nzuri, saa kumi za kugonga miti ya bandia ni bure ukilinganisha na gharama ya mapanga.

Kwa watakaofika kwenye zile za kurushia nje: kaa mbali na viwanja vya ndege na mikusanyiko ya watu, na uliza kwanza TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya wanataka kibali gani. Kenya ina kanuni zake za vyombo visivyo na rubani tangu 2020. Ya sebuleni, mwenye kibali ni mama mwenye nyumba. Mtolee vyombo vya udongo mezani kabla hujawasha.